Shofere na Mkata-tiketi

Mwaka jana, katika majira ya mvua, tulimzika rafiki yetu, karani mwenye umri wa miaka 51. Hakuugua. Asubuhi alikwenda kazini juu ya pikipiki yake kama kila siku, akaketi mezani, akafungua madaftari, na kabla ya saa sita alikuwa amekwisha kufa. Mganga alisema neno moja tu: moyo.

Jioni ile, tulipoketi kilioni, tulitazamana sisi kwa sisi. Wengi wetu ni walimu, makarani, wachuuzi na mashofere. Baba zetu walikwenda misioni siku ya Jumapili kwa miguu, mwendo wa saa nne, na kurudi nyumbani siku ileile. Sisi, watoto wao, hatuwezi kupanda kilima cha parokia bila kusimama mara tatu kuvuta pumzi. Basi tukafanya shauri mbele ya jeneza la rafiki yetu: kila siku alfajiri, kabla ya kazi, tutatembea kwa haraka muda wa nusu saa. Tulikuwa watu 14.

Juma la kwanza tulikwenda sote. Juma la pili tulikuwa 9. Mwisho wa mwezi tulibaki 3. Na kila aliyeacha alikuwa na neno lake zuri. Mmoja alisema: «Mvua.» Wa pili: «Kazi yangu ni ya kukaa, nikirudi jioni kichwa kimechoka.» Wa tatu: «Mimi nilicheza mpira miaka kumi, mwili wangu bado una akiba.» Wa nne: «Umri umepita, ndugu zangu, mazoezi ni ya vijana.» Wa tano: «Mguu wangu ni mbovu.» Wa sita hakusema kitu, ila alipotuona njiani aligeuka kwa njia nyingine.

Hatukuwacheka, kwani maneno yote yale yalikuwa yamepita hata moyoni mwetu sisi watatu, hasa saa kumi na moja ya asubuhi, blanketi ikiwa na joto. Lakini tulitaka kujua: je, visingizio hivi vilianza kwetu? Kuna watu waliovipima, wakaona kama ni vya kweli ao ni vya uongo? Tulipotafuta, tuliikuta historia moja ambayo twapenda kuwasimulia. Haianzi katika uwanja wa michezo. Inaanza ndani ya basi.

Mabasi ya ghorofa

Vita kuu ya pili ilikwisha mwaka wa 1945. Baadaye waganga wa Uingereza waliona jambo la kuwatia mashaka. Kifua kikuu na magonjwa mengine ya kuambukiza yalikuwa yakipungua, lakini wanaume wa umri wa makamo walizidi kuanguka ghafula kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kwa nini? Hakuna aliyejua kwa hakika.

Palikuwa na mganga mmoja, jina lake Jeremy Morris. Alizaliwa mwaka wa 1910 katika mji wa Liverpool, katika jamaa ya Wayahudi waliohamia kutoka Ulaya ya mashariki, akakulia Glasgow katika umaskini. Wakati wa vita alikuwa mganga wa askari huko Bara Hindi na Burma. Mwaka wa 1948 aliwekwa kuwa mkubwa wa kikundi cha uchunguzi wa afya ya watu. Morris aliwaza hivi: labda ugonjwa huu una uhusiano na kazi ambayo mtu anafanya. Lakini namna gani kulinganisha kazi na kazi? Ukimlinganisha mhunzi na hakimu, utakuta tofauti nyingi mno: chakula, nyumba, mshahara, masomo. Hutajua tofauti ipi ndiyo yenye kuua.

Ndipo alipotazama mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa na ghorofa mbili, na katika kila basi walifanya kazi watu wawili. Wa kwanza ni shofere. Wa pili ni mkata-tiketi. Watu hawa wawili walitoka katika mitaa ileile, walipata mshahara usioachana sana, walivuta moshi wa mji uleule, walianza na kumaliza kazi saa zilezile. Tofauti ilikuwa moja. Shofere aliketi sehemu 9 katika 10 za muda wake wa kazi. Mkata-tiketi hakuketi. Alipanda ghorofani, akashuka, akapanda tena, siku nzima, kufuata fedha ya abiria. Waliohesabu waliona kwamba kwa siku moja ya kazi alipanda vidaraja vya ngazi 500 mpaka 750.

Morris na wenzake waliandika habari za wanaume karibu 31,000 wa mabasi na tramu, wenye umri wa miaka 35 mpaka 64, katika miaka ya 1949 na 1950. Jibu lilionekana wazi. Katika kila mashofere 10,000, kwa mwaka mmoja 27 walishikwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Katika kila wakata-tiketi 10,000, ni 19 tu. Na juu ya hayo, mkata-tiketi aliyeshikwa alikuwa na tumaini kubwa zaidi la kupona: hatari ya kufa katika siku zile za kwanza ilikuwa kwa mashofere karibu mara mbili.

Morris hakupiga kelele. Alinyamaza kwanza, akajiuliza: «Labda ni jambo la mabasi tu.» Akaenda kutazama watu wa posta. Huko nako walikuwa wa namna mbili: wapelekaji wa barua, wanaokwenda kwa miguu ao kwa kinga kutoka nyumba hata nyumba, na makarani wa posta na watu wa simu, wanaoketi. Kumbe, ni vilevile! Mtembezi wa barua aliokoka kuliko karani. Hapo ndipo habari ilipotangazwa, mwezi wa Novemba 1953, katika gazeti la waganga liitwalo The Lancet.

«Ni umbo la mwili tu»

Watu hawakusadiki upesi. Waliotaka kubaki vitini walisema: «Hapana! Mashofere ni wanene tangu mwanzo. Mtu mzito huchagua kazi ya kuketi, mtu mwepesi huchagua kazi ya kukimbia. Si ngazi iliyomponya mkata-tiketi, ni umbo alilozaliwa nalo.»

Neno hili halikuwa la kijinga, na Morris hakulidharau. Alitafuta namna ya kulipima, akaipata pahali ambapo hakuna aliyewaza: katika ghala ya mavazi ya kazi. Kampani ya mabasi iliwapa wafanyakazi wake suruali, na ilikuwa imeandika kipimo cha kiuno cha kila mmoja. Mwaka wa 1956 Morris na wenzake walitangaza waliyoyaona katika daftari zile. Ni kweli, mashofere walikuwa na viuno vikubwa kuliko wakata-tiketi, hata wale walio bado vijana. Lakini walipomlinganisha shofere mwembamba na mkata-tiketi mwembamba, na shofere mnene na mkata-tiketi mnene, mkata-tiketi alikuwa salama zaidi kila mara. Basi unene una neno lake, lakini haukuweza kueleza yote. Ngazi nayo ilikuwa na kazi yake.

Twapenda wasomaji walio wanene wafikiri sana juu ya suruali zile. Mara nyingi mtu huanza kutembea, na baada ya mwezi mmoja anatazama tumbo lake, haoni tofauti, anavunjika moyo na kuacha. Asiache. Moyo wake unapata faida kabla ya mshipi wake haujajua habari.

«Kazi yetu ni ya kukaa»

Kisingizio cha pili ni chetu sisi watu wa biro na wa darasa. «Mkata-tiketi alikuwa na bahati, kazi yake ilimtembeza. Yetu inatufunga mezani. Tufanye nini?»

Morris alijiuliza neno hilohilo, kwa sababu aliona kwamba katika nchi yake kazi za jasho zilikuwa zikipungua mwaka kwa mwaka. Kutoka mwaka wa 1968 mpaka 1970 aliwaendea makarani wa serikali, wanaume karibu 17,000 wenye umri wa miaka 40 mpaka 64, ambao wote kazi yao ilikuwa ya kuketi. Siku ya Jumatatu asubuhi waliombwa kuandika yote waliyoyafanya siku ya Ijumaa na Jumamosi: nani alilima bustani kwa nguvu, nani aliogelea, nani alitembea kwa haraka, nani alilala. Kisha Morris alingoja miaka. Mwaka wa 1973 alitangaza ya kwanza aliyoyaona: wale waliokuwa na mazoezi ya nguvu nje ya kazi, hatari yao ya kushikwa na ugonjwa wa moyo ilikuwa karibu theluthi moja tu ya hatari ya wenzao. Makarani wa serikali ileile, viti vilevile! Aliyewatofautisha hakuwa bwana wa kazi. Ni namna walivyotumia saa zao wenyewe.

Na tusidhani kwamba vitabu na jasho havipatani. Padri Achille Ratti alikuwa mtu wa maktaba. Tangu mwaka wa 1888 alifanya kazi katika maktaba ya Ambrosiana mjini Milano, katikati ya maandiko ya kale. Lakini likizo zake alizitumia milimani. Mwaka wa 1889, pamoja na padri mwenzake na waongozi wawili, alipanda mlima Monte Rosa kwa upande wa mashariki, upande wa hatari sana, wakapitisha usiku huko juu, zaidi ya metri 4,500, katika baridi kali. Sisi wa Kivu tunaoujua mlima Nyiragongo, ambao haufiki metri 3,500, tunaweza kuwaza baridi ile. Mwaka wa 1922 mtu yule wa maktaba alichaguliwa kuwa Papa, ndiye Pio wa XI. Kama alikuwa na kisingizio cha vitabu, hakukitumia.

«Zamani tulicheza mpira»

Hiki ndicho kisingizio kitamu kuliko vyote, kwa kuwa ndani yake mna sifa. Ndugu yetu aliyesema mwili wake una akiba alisema kweli juu ya uhodari wake. Sisi tulimwona uwanjani. Lakini mwili si benki.

Huko Marekani palikuwa na mganga mwingine, Ralph Paffenbarger, aliyezaliwa mwaka wa 1922. Yeye aliwachunguza kwanza wapakizi wa meli katika bandari ya San Francisco, kisha wanaume waliosoma zamani katika universite ya Harvard. Mwaka wa 1978 alitangaza habari za watu wale wa Harvard, karibu 17,000. Kati yao walikuwamo waliokuwa mashujaa wa michezo katika ujana wao, na waliokuwa wavivu. Ikaonekana hivi: shujaa wa zamani aliyeacha mazoezi hakulindwa na ushujaa wake. Aliyekuwa mvivu katika ujana, akaanza mazoezi katika utu uzima, alilindwa. Morris naye, mwaka wa 1990, aliona vivyo hivyo kwa makarani wa Uingereza: mchezo wa zamani haukuwafaa kitu, ila mazoezi ya sasa.

Neno hili ni chungu kwa mchezaji wa zamani, lakini kwa mwingine ni habari njema. Mtu ambaye hakuchaguliwa hata siku moja katika timu ya shule, aliyeachwa kando kushika makoti ya wenzake, akianza leo hayuko nyuma ya mtu.

«Umri umepita»

Yule Paffenbarger mwenyewe alikuwa mtu wa kuketi. Alitoka katika jamaa ambamo ugonjwa wa moyo ulikuwa umeua watu. Miaka na miaka alihesabu mioyo ya watu wengine, naye mwenyewe hakimbii. Mwaka wa 1967, akiwa na umri wa miaka 45, alianza kukimbia. Aliendelea, akakimbia mbio ndefu za marathoni na zaidi, zaidi ya mara 150. Moyo wake nao ulimsumbua, akapasuliwa na waganga; ugonjwa wa jamaa haukumwacha kabisa. Lakini aliishi mpaka mwaka wa 2007, akafa mwenye miaka 84.

Na Morris? Mwaka wa 1996 yeye na Paffenbarger walipewa pamoja zawadi ya kwanza ya elimu ya michezo ya Kamati ya Olimpiki. Morris alikuwa na miaka 86 wakati huo, na bado alikwenda kazini. Alikufa tarehe 28 Oktoba 2009, mwenye miaka 99.

Hatusemi kwamba kila atembeaye atafika miaka 99. Uzima na mauti si mali yetu. Mkata-tiketi naye aliweza kufa kwa moyo: wale 19 walikuwako. Asemaye kwamba mazoezi ni dawa ya kila kitu anadanganya, na anayedanganywa hivyo ataacha siku ya kwanza atakapougua. Tunasema tu kwamba 19 si 27, na kwamba hao 8 walio katikati walikuwa na wake na watoto.

«Mwili wetu una kilema»

Mbele ya kisingizio hiki twende taratibu, kwa maana mara nyingine si kisingizio, ni msalaba. Mwenye ugonjwa wa moyo ao wa viungo amwulize kwanza mganga afanye nini na kwa kadiri gani. Lakini hapa pia historia ina neno.

Mganga Ludwig Guttmann alikuwa Myahudi wa Ujerumani. Mwaka wa 1939 alikimbia mateso ya Wanazi, akaenda Uingereza. Mwaka wa 1944 alipewa kuongoza nyumba ya askari waliovunjika uti wa mgongo, katika hospitali ya Stoke Mandeville. Siku zile watu wa namna hiyo walihesabiwa kama wamekwisha kufa. Walilazwa, wakapata vidonda vya kulalia na ugonjwa wa mkojo, na wengi hawakumaliza miaka miwili. Guttmann alikataa. Aliamuru wageuzwe usiku na mchana, kisha akawatia kazini na katika michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile ambapo michezo ya Olimpiki ilifunguliwa London, yeye alifanya shindano lake dogo katika uwanja wa hospitali: watu 16 waliopooza, wanaume 14 na wanawake 2, juu ya viti vya magurudumu, wakishindana kupiga mishale.

Watu 16! Tuikumbuke hesabu hii, sisi tulioanza 14. Mwaka wa 1960 mashindano yale yalifanywa Roma, wakaja watu karibu 400 wa nchi 23. Papa Yoane wa XXIII aliwapokea Vatikani.

Na mji uleule wa Roma, mwezi uleule, ulikuwa umemwona Mwafrika wetu. Tarehe 10 Septemba 1960, siku nane kabla ya michezo ya waliopooza kufunguliwa, Abebe Bikila, askari wa ulinzi wa mfalme wa Ethiopia, alikimbia kilometri 42 bila viatu, akawa wa kwanza kwa saa 2, dakika 15 na nukta 16. Mwaka wa 1964 alikwenda Tokyo majuma matano tu baada ya kupasuliwa kidole-tumbo, akashinda tena; na wenzake walipokuwa wangali njiani, yeye alikuwa majanini akinyosha viungo.

Lakini mwezi wa Machi 1969 motokari yake ilipinduka. Miguu ile iliyopendwa na dunia nzima haikusimama tena. Alipelekwa Stoke Mandeville, kwa wale wa Guttmann. Ni nani aliyekuwa na haki ya kusema «nimemaliza», kama si yeye? Walakini mwaka wa 1970 Bikila alikuwa katika uwanja ule wa Stoke Mandeville, juu ya kiti cha magurudumu, upinde mkononi, akishindana. Alikufa mwezi wa Oktoba 1973, na miaka 41 tu. Mbio zake za Roma zinajulikana kwa watoto wote. Sisi twastaajabia zaidi ule upinde.

Ngazi yetu ni ipi?

Basi tulisoma hayo yote, sisi watatu tuliobaki, tukawasimulia wale 11. Walisikiliza vizuri, wakapiga makofi, na kesho yake asubuhi tulikuwa 3.

Ndipo tulipofahamu kwamba tulikuwa tumesoma historia bila kuielewa. Tulidhani mkata-tiketi ni mtu wa bidii na shofere ni mtu wa uvivu. Siyo! Mkata-tiketi hakuwa na bidii kuliko shofere. Labda asubuhi alichukia ngazi zile kama sisi tunavyochukia umande. Lakini abiria walikuwa juu, na fedha ya kampani ilikuwa juu, na hakuna kisingizio kinachoweza kukata tiketi. Hakungojea moyo umtume. Ngazi ilikuwa ndani ya kazi yake. Na baba zetu hali kadhalika: hawakutembea saa nne ili kulinda mishipa ya moyo. Walikwenda Misa, na Misa ilikuwa mbali.

Kosa letu lilikuwa kuweka mazoezi peke yake, nje ya maisha yetu, kama pambo. Na pambo ni kitu cha kwanza kuachwa siku ya mvua. Ilifaa tutafute ngazi: kazi ambayo lazima ifanyike, na ambayo ikiachwa kuna mtu atakayelia.

Hatukutafuta mbali. Mji wetu ni wa vilima. Robine ya mtaa iko chini, nyumba zetu ziko juu, na maji yanapanda katika bidoni za litri 20. Yanapanda juu ya mgongo wa nani? Juu ya mgongo wa wake zetu na binti zetu, sisi tukiwa juu ya pikipiki tukilalamika kwamba hatuna mazoezi. Tuliona haya. Katika nyumba zetu shofere na mkata-tiketi walikuwako tangu zamani, na kila mtu alijua ni nani aliyeketi. Mama anayeuza ndizi, anayepanda kilima na mzigo kichwani, hahitaji hotuba yetu juu ya kutembea. Anahitaji kupumzika.

Siku ya kwanza tuliposhuka na bidoni, wanaume wanne, palikuwa na kicheko kikubwa kwenye robine. Mama mmoja mzee alituuliza: «Baba zangu, nani amekufa?» Mke wa mmoja wetu alisimama mlangoni, akamwambia mumewe: «Baba watoto, leo umepotea njia?» Tulipanda polepole. Tulipumzika mara tano. Mwenye mguu mbovu alichukua kibidoni cha litri 5. Yule mchezaji wa zamani aliona kwamba akiba yake haikumfikisha hata nusu ya kilima, akacheka mwenyewe.

Sasa miezi saba imepita. Tu watu 8, si 14. Wawili bado wanageukia njia nyingine. Lakini hao 8 hawakuacha, hata katika mvua, kwa sababu kama baba hakushuka, asubuhi chungu ni kikavu, na watoto wanamtazama. Twapumzika mara moja tu sasa. Mmoja wetu alipimwa na mganga, damu yake ilionekana kupungua nguvu kidogo. Mwingine hakuona tofauti, na bado anashuka. Tumejiwekea kanuni tatu. Kwanza: saa isiyobadilika, kabla ya chai. Pili: mtu asishuke peke yake, ampigie mwenzake hodi. Tatu: anayekosa siku moja asihukumiwe, ila arudi kesho, kwani kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Shirika la Afya la Dunia linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa juma za kutembea kwa haraka ao kazi inayofanana. Ni nusu saa, siku tano. Hesabu hii si kubwa. Lakini usiibandike ukutani ukingoje moyo wako uipende. Tafuta ndani ya siku zako kitu kinachopaswa kufanyika kwa miguu ao kwa mikono: shamba la mama yako mjane, mgonjwa wa mtaa wa juu ambaye hakuna amtembeleaye, shule ya watoto, maji. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Siku hizi hakuna tena wakata-tiketi katika mabasi ya London. Walipita na ngazi zao, nao hawakujua kama walikuwa wakiwafundisha watu wa mbali namna ya kuishi. Nasi kesho saa kumi na moja na nusu tutakuwa kwenye robine. Nafasi ya rafiki yetu karani, aliyeanguka mezani pake, iko wazi. Mwanawe wa kwanza amekwisha kuomba aichukue, naye amekuja na bidoni ya baba yake.